Kano ya kisigino inauma kila asubuhi: niongeze kujinyoosha au niache?

MbioZaAlfajiri

Habari zenu wakuu. Nimepitia nyuzi nyingi za majeraha ya mbio lakini sijakuta hali inayofanana na yangu, ndiyo maana nafungua huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Nina miezi 14 tangu nianze kukimbia. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nakimbia mara tatu kwa wiki, kilomita tano tano, bila tatizo lolote. Kisha nikajiandikisha nusu marathoni. Ndani ya wiki sita nikawa natoka mara tano kwa wiki, Jumapili nafika hadi kilomita 14, na nikaongeza siku moja ya kupanda kilima.

Sasa mguu wa kulia unauma kwa nyuma, kwenye ile kano inayoshuka kutoka kigimbi hadi kisiginoni. Si kwenye mfupa wenyewe, ni juu yake kama vidole vitatu. Nikishuka kitandani, hatua kumi za kwanza natembea nimeshika ukuta, mguu umekakamaa kama ubao. Baadaye unalegea. Nikianza kukimbia unauma kilomita ya kwanza, halafu maumivu yanapotea kabisa hadi najiona nimepona. Jioni yanarudi, na kesho yake asubuhi ni ukuta tena. Huu ni mwezi wa pili.

Kujinyoosha najinyoosha kweli kweli. Dakika 15 kabla ya kukimbia, dakika 15 baada. Nasimama kwenye ukingo wa ngazi, nashusha kisigino mpaka kinaning'inia, nahesabu hadi 120. Pale pale nasikia raha, kama kuna kitu kinafunguka. Mwenzangu ninayekimbia naye anasema kano imejikunja, nizidishe kuivuta. Nimezidisha, siku hizi nafanya hata usiku kabla ya kulala. Nafuu siioni, na asubuhi naona zinazidi kuwa mbaya.

Mbio zimebaki wiki 11. Niongeze, nibadilishe namna ninavyonyoosha, au niache? Naombeni mwenye uzoefu anisaidie. Kukimbia ndiko kunakonipa usingizi na utulivu wa akili, sitaki kukuacha.

MguuMwepesi

Pole sana dada. Usiache kunyoosha hata siku moja. Misuli ya mtu anayekaa kutwa hufupika, na kigimbi kikifupika ndicho kinachovuta kano. Mimi kabla ya kukimbia nanyoosha kila msuli wa mguu, mmoja mmoja, na huu ni mwaka wa kumi sijaumia. Labda unanyoosha mwili ukiwa bado wa baridi. Kimbia kwanza dakika tano, kisha simama unyooshe, kisha endelea.

Kilomita42

Dada, pole. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu kosa unalolifanya nililifanya mimi miezi saba mfululizo, na lilinigharimu msimu mzima.

Nina miaka 51, nakimbia tangu nikiwa na 32. Si daktari. Miaka minne iliyopita nilianza kusikia maumivu chini ya tako la kushoto, pale hasa kwenye mfupa unaoukalia. Nikiendesha gari nusu saa nalazimika kukaa upande. Nikajiambia msuli wa nyuma ya paja umekaza, dawa yake ni kuunyoosha. Kila asubuhi naweka kisigino juu ya kiti, nainama mpaka paji la uso linakaribia goti, nabaki hapo dakika mbili. Raha unayoisema wewe niliipata, ile ya kitu kufunguka. Saa mbili baadaye panawaka moto. Kesho yake naongeza dakika.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemfikia mwishowe hakunilaza wala hakunikanda. Aliniambia nifanye mbele yake vile vile ninavyofanya nyumbani. Nikaweka kisigino kwenye kiti, nikainama. Akaja nyuma yangu, akagusa ule mfupa kwa kidole kimoja, akasema: “Kano yako imeshikia hapa. Ukiinama hivi inavutwa, na papo hapo inagandamizwa kwenye mfupa. Kwa hiyo kila siku, kwa dakika mbili, unaiminya mahali inapouma.” Nilibaki nimeinama vile vile, sina la kusema. Akanikataza kuinyoosha kwa wiki sita. Badala yake alinipa zoezi la kulala chali, kukanyaga sakafu na kuinua nyonga, kwanza kwa miguu miwili, baadaye mguu mmoja. Wiki ya nne nikaendesha gari saa nzima nimekaa sawasawa.

Kano yako wewe iko kwingine, lakini jambo ni lile lile. Msuli uliochoka hukaza, ukiunyoosha unalegea na unapata nafuu ya muda. Kano haiko hivyo. Kazi yake ni kupokea mzigo na kuurudisha, kama mpira wa manati unavyovutika na kurusha jiwe. Kila unapokanyaga katika kukimbia, kano ya kisigino inabeba mara kadhaa ya uzito wa mwili wako. Wewe ulikuwa unaipa kilomita 15 kwa wiki. Ghafla ukaipa mara mbili na zaidi, na kilima juu yake. Moyo na pumzi vilizoea upesi, ndiyo maana ulijiona uko vizuri. Kano hujijenga polepole kuliko pumzi na kuliko msuli. Haikujikunja, dada. Imezidiwa. Na kano iliyozidiwa hupona kwa kupewa mzigo inaouweza, kisha kuongezewa kidogo kidogo. Kuivuta peke yake hakuijengi.

Kabla hujafuata hata neno langu moja, fanya vitu viwili.

Kaa chini, shika ile kano kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ibane taratibu kuanzia juu ukishuka. Nataka ujue kwa hakika panapouma: ni katikati ya kano, au ni pale inapoingia kwenye mfupa wa kisigino? Ikiwa ni chini kabisa, mfupani, basi huko kuning'iniza kisigino ngazini ukuache leo hii, maana kano inabanwa na mfupa kila unaposhuka.

Halafu simama karibu na ukuta, ncha za vidole vya mkono tu ndizo ziguse. Goti limenyooka, chuchumia kwa mguu mmoja, panda na shuka bila haraka. Hesabu unafika mara ngapi kabla kisigino hakijashindwa kupanda kimo kile cha mwanzo. Fanya kila mguu peke yake, andika namba zote mbili, uzilete hapa.

Na nisikilize kwa hili. Kama kuna siku ulisikia mlio, au ulihisi kama mtu amekupiga teke nyuma ya mguu, na sasa huwezi kuchuchumia kabisa, usisubiri majibu ya humu, nenda hospitali. Vivyo hivyo kigimbi kikivimba kikawa na joto. Tena kuna swali watu husahau kuuliza: karibuni umetumia antibiotiki za jamii ya ciprofloxacin? Zinajulikana kudhuru kano. Kama umezitumia, mwone daktari umweleze.

MbioZaAlfajiri

Kaka, asante sana, umeniandikia kama ndugu yangu.

Mlio sikuusikia, uvimbe wa kigimbi hakuna, antibiotiki sijatumia. Nimebana kama ulivyosema. Ni katikati, na kuna sehemu imenenepa kidogo, pana kama ncha ya kidole kidogo, nikiigusa nashtuka. Chini kwenye mfupa hapaumi kabisa.

Kuchuchumia ndiko kumenitisha. Kushoto nimefika 23. Kulia 8. Nilidhani nimekosea kuhesabu, nikarudia kesho yake, nikapata 9, na ya tisa kisigino kilipanda nusu tu huku mguu unatetemeka. Mguu umekuwa dhaifu kiasi hiki na mimi niko kwenye kuuvuta tu!

Sasa nisaidie: hayo mazoezi yakiwa yanauma niendelee? Na kukimbia niache kabisa?

UgokoImara

Dada yangu, kabla Kilomita42 hajakujibu naomba nichangie, kwa sababu wapo watakaosoma uzi huu na tatizo lao si kano.

Mimi lilikuwa ugokoni, upande wa ndani, mguu wa kushoto. Nilikuwa na miaka 29. Kila mtu aliniambia ni ugoko wa wakimbiaji, nyoosha kigimbi, chua na barafu. Nilinyoosha. Nilichua kwa chupa ya barafu asubuhi na jioni. Nikaendelea kukimbia kwa sababu kwenye uzi mmoja niliambiwa maumivu ya ugoko ni ya kawaida kwa anayeanza.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Ugoko wa kawaida wa wakimbiaji huuma kwa urefu, ukipitisha kidole kwenye ukingo wa mfupa unakuta sehemu ndefu yote inalalamika. Wangu ulikuwa unauma mahali pamoja, nafunika kwa ncha ya kidole. Usiku nikiwa nimelala unapwita. Nikijaribu kuruka kwa mguu ule mmoja, siwezi hata mara tatu. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nikafurahi, nikarudi barabarani. Wiki mbili baadaye nilikuwa nachechemea hadi bafuni. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha mfupa umepata ufa.

Daktari aliniuliza swali moja nililoona haya kulijibu: hedhi yako ikoje? Ilikuwa imekatika miezi minne. Nilikuwa nimeongeza kilomita huku nimepunguza kula ili niwe mwepesi, na kimya kimya nilifurahi kwamba nimepumzika na hedhi. Kumbe mwili ukikosa nishati ya kutosha unafunga baadhi ya kazi zake, na mifupa ndiyo inayolipa. Nilikaa wiki nane bila kukimbia hata hatua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeficha hata kwa nafsi yangu.

Kwa hiyo akina dada mnaokimbia, hedhi ikikatika msishangilie. Na yeyote mwenye maumivu ya mfupa ya mahali pamoja, yanayoamsha usiku, asinyooshe, asichue, akapimwe. Hakuna kunyoosha kunakoziba ufa.

Kilomita42

UgokoImara, asante kwa kusema hilo la hedhi waziwazi. Sisi wanaume hatulitaji na makocha wengi wanalikwepa.

MbioZaAlfajiri, 23 kwa 9 ni tofauti kubwa, lakini imekupa mahali pa kuanzia. Jeraha la katikati ya kano ndilo lenye njia iliyopitiwa na watu wengi.

Njia iliyojulikana zaidi ni ya Håkan Alfredson, daktari wa Sweden. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida, si wa mashindano makubwa, waliokuwa na maumivu sugu ya kano kama yako. Walisimama ngazini, wakapanda kwa mguu usiouma, wakahamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, wakashuka taratibu hadi kisigino kinapita chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Kisha mara 15, seti tatu, goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia.

Utaona kwamba nao walishuka chini ya ngazi kama wewe. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanabeba mzigo wakati wa kushuka, msuli unafanya kazi njia nzima. Wewe unaning'inia tu umelegea, unasubiri.

Habari ya goti nayo ina sababu yake. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje unaanzia juu ya goti, ule wa ndani unaanzia chini yake, na yote miwili inaishia kwenye kano hiyo hiyo moja. Ukikunja goti, ule wa nje unalegea na ule wa ndani unabeba zaidi, na huo wa ndani ndio mtumishi mkubwa wa mkimbiaji. Watu wengi hawaufanyii kazi kabisa.

Lakini mimi sikupi 180 kwa siku. Nimeona watu wakizianza kwa moyo na kuziacha wiki ya pili. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walilinganisha njia hiyo na mazoezi mazito ya polepole mara tatu tu kwa wiki. Baada ya wiki 12, na tena baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Mara tatu kwa wiki mtu mwenye kazi anaziweza. Mwaka jana kano ya kisigino ilipoanza kunisumbua na mimi, hiyo ndiyo niliyoifuata.

Nilivyofanya: nasimama ngazini, mkono mmoja ukutani. Sekunde tatu kupanda, sekunde tatu kushuka, nahesabu kwa sauti kwa sababu nikihesabu kimoyomoyo naharakisha. Uzito uwe kwenye kidole gumba cha mguu, kifundo kisilalie nje. Wiki mbili za kwanza miguu yote miwili, mara 15, seti tatu. Kisha mguu mmoja. Ukiweza 15 za mguu mmoja bila kuyumba, vaa begi lenye vitabu, punguza idadi hadi 10 au 8, endelea kuongeza vitabu. Mimi nilianza na vitabu viwili, nikamaliza na kilo 12. Nusu ya seti goti limenyooka, nusu limekunjwa. Na mguu usiouma ufanyie pia, usiuache nyuma.

Maumivu. Yape namba, 0 hakuna, 10 hayavumiliki. Wakati wa zoezi ukifika 4 au 5 si vibaya, mradi kesho yake asubuhi zile hatua za kwanza zisiwe mbaya kuliko za leo. Asubuhi ndiyo mwamuzi. Weka daftari karibu na kitanda, uandike namba ya asubuhi kabla hujafanya lolote. Ikipanda siku mbili mfululizo, ulizidisha juzi, rudi nyuma hatua moja. Usitumie vidonge vya maumivu ili ukimbie, vinamziba mdomo mwamuzi wako.

Kukimbia usiache kabisa, kano isiyofanya kazi inadhoofika zaidi. Rudi kwenye mara tatu kwa wiki, kilomita nne au tano, tambarare, mwendo ambao unaweza kuzungumza. Usikimbie siku mbili mfululizo. Kilima na kasi viweke pembeni, maana hivyo ndivyo vinavyoinyonga kano kuliko vyote. Na ufupishe hatua kidogo, miguu iguse chini mara nyingi zaidi kwa dakika. Nusu marathoni ya wiki 11 sikuahidi. Kano hupimwa kwa miezi. Ningekuahidi ningekuwa nakudanganya.

MguuMwepesi

Mkuu, nakuheshimu, lakini unataka kusema kujinyoosha ni kazi bure? Walimu wetu wote wa michezo walitufundisha. Na mimi nimekueleza, mwaka wa kumi huu sijaumia.

Kilomita42

Hapana ndugu yangu, na wala sikutaka ionekane hivyo. Nakubali miaka yako kumi. Ila jiulize pia umefanya nini kingine katika miaka hiyo. Nimesoma machapisho yako humu, unaongeza kilomita taratibu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hukosi siku ya kupumzika. Mimi naona hiyo ndiyo ngao yako.

Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2000. Askari wapya 1,538 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi mawili, wakati wa mafunzo ya wiki 12. Wote walipasha mwili kabla ya mazoezi, lakini kundi moja lilinyoosha misuli sita mikuu ya mguu, sekunde 20 kila mmoja, kila mara. Mwisho wa mafunzo, waliokuwa wakinyoosha walipata majeraha 158, wasionyoosha 175. Kwa watu wengi kiasi hicho tofauti hiyo ni ndogo mno, haithibitishi kwamba kunyoosha kumewakinga. Kilichotofautisha zaidi ni uwezo wa mwili: walioanza mafunzo wakiwa dhaifu ndio walioumia zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kukimbia mimi siku hizi sisimami kuvuta msuli. Natembea haraka dakika tano. Nashika ukuta, nabembeza mguu mbele na nyuma mara 15, kisha kulia na kushoto. Nachuchumaa mara 10 kwa miguu yote, nachuchumia mara 10. Kisha kilomita ya kwanza naikimbia polepole kuliko zote. Misuli inapata joto kwa kufanya kazi ile ile inayokwenda kuifanya.

Kunyoosha kwa kutulia nakuweka jioni, na kuna mahali nakupenda kwa dhati. Mtu anayekaa kitini kutwa, nyonga za mbele zinakaza, hata hatua ya nyuma inakosa urefu. Piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, kaza tako la upande wa goti lililo chini, sukuma nyonga mbele kidogo bila kupinda kiuno. Sekunde 30, mara mbili kila upande. Hutakiwi kuumia, unatakiwa kuhisi mvuto wa wastani huku unapumua. Ukishabana pumzi, umezidisha. Msuli wa mbele ya paja hivyo hivyo. Sekunde 30 zinatosha, kuning'inia dakika mbili hakukuongezei kitu. Ukifanya hivi siku nyingi za wiki, kwa miezi, viungo vinafunguka na mwili unakuwa mwepesi. Hiyo ni faida ya kweli, sitaki mtu aiache. Ila ukiwa na jeraha, uliza kwanza: hiki kinachouma ni nini? Msuli uliokaza nyoosha. Kano jenga. Mfupa pumzisha na ukapimwe.

MguuMwepesi

Nimekuelewa. Leo asubuhi nimejaribu hiyo ya kubembeza miguu badala ya kusimama. Kilomita ya kwanza imekuwa laini, nakiri. Jioni nitaendelea na zangu.

MbioZaAlfajiri

Wakuu, nimerudi. Leo ni wiki ya saba tangu niandike.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri, na ugumu haukuwa wa mazoezi. Ilikuwa kuacha kuning'inia. Kila nikipita ngazini mguu unaniambia shusha kisigino kidogo tu, upate ile raha. Niliacha. Daftari linasema asubuhi ya siku ya kwanza ilikuwa 6, siku ya nane 5, kisha ikakaa kwenye 4 karibu wiki mbili hadi nikakata tamaa. Siku ya 19 nilikimbia na mwenzangu, akanivuta kwa kasi, nikanyamaza kwa aibu. Asubuhi yake 6, iliyofuata 6. Nikarudi kwenye miguu miwili kama ulivyosema, nikamweleza mwenzangu ukweli, na sasa Jumamosi tunakimbia kwa mwendo wangu.

Wiki ya tano kuna asubuhi niliamka kwa sababu simu ilikuwa inaita sebuleni. Nimeshaipokea, nimeshazungumza, ndipo nikagundua nimefika pale bila kushika ukuta. Nilikaa kwenye kiti nikalia, simu mkononi.

Namba za leo: asubuhi 1. Kulia 19, kushoto 25. Begi lina kilo 6. Ule unene kwenye kano bado upo lakini nikiubana haunishtui. Kukimbia nimefika kilomita 8 tambarare, mara tatu kwa wiki. Nyonga nanyoosha jioni, sekunde 30, na mgongo ambao sikuwahi hata kuutaja hapa umepungua kuuma nikitoka kazini.

Nusu marathoni nimeiacha. Waandaaji wana kilomita 10 siku hiyo hiyo, wamenihamisha. Swali langu la mwisho: asubuhi ikifika 0, naacha mazoezi ya ngazi?

UgokoImara

Hapo pa simu na mimi nimetokwa na machozi. Hongera sana dada, na hongera zaidi kwa kukubali kushuka hadi 10. Najua inavyouma moyoni.

Kilomita42

Nimesoma mara mbili. Hongera, dada yangu, kwa hilo daftari na kwa kumweleza mwenzako ukweli.

Usiache. Maumivu huisha kabla nguvu haijarudi, na hapo ndipo wengi huumia tena. Endelea mara tatu kwa wiki hadi kulia kulingane na kushoto na umalize wiki 12, kisha punguza hadi mara mbili, ubaki hapo kwa muda wote utakaokuwa unakimbia. Mimi bado nafanya Jumanne na Ijumaa. Kilima kirudishe baada ya mbio hizo, kwanza kwa kukipanda unatembea.

Siku ya mbio anza nyuma ya kundi ili usivutwe. Na asubuhi ya kesho yake, na ya keshokutwa, uandike namba zote mbili hapa. Nitakuwa nazisubiri.